Dada Yangu Kubatizwa Mara ya Pili

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mchungaji aliyembatiza dada yangu aligunduliwa kuwa na mke Kenya na mwingine hapa Maryland. Akafukuzwa. Kisha wazee wa ushirika wetu wa Kiswahili, uliokuwa ukikutana katika ukumbi wa kukodi kule Germantown, wakatangaza kwamba wote aliowabatiza wabatizwe upya kabla ya kuhudumu tena.

Mimi nilikuwa chuo kikuu, College Park, nikisoma historia ya kanisa la kale. Dada, aliyekuwa akiuguza wakongwe majumbani ili mimi nisome, aliniomba niseme kitu. Nikasimama mbele ya watu. Nikaeleza kwamba Afrika Kaskazini, baada ya mateso ya Warumi, walikuwepo maaskofu waliokuwa wametoa Maandiko yachomwe ili waokoe maisha yao. Wengine wakasema ubatizo wa mikono hiyo ni bure. Kanisa likapasuka, mji mmoja ukawa na maaskofu wawili. Wanateolojia wa huko walibishana miaka mingi, na jibu lililosimama ni kwamba anayebatiza ni Kristo, mchungaji ni mkono tu.

Mzee wa kanisa alinisikiliza hadi mwisho. "Umesoma, ndugu yangu," akasema. "Na hao Waafrika wako, makanisa yao yako wapi leo?"

Watu wakacheka. Dada akatazama chini.

Garini nilimsihi asikubali.

"Wewe ulibatizwa na mtu safi," akanijibu. "Kwako ni rahisi."

Akabatizwa tena Oktoba, kwenye kidimbwi cha kuogelea nyuma ya nyumba ya muumini mmoja Woodbridge. Mimi ndiye niliyemshikia taulo. Alitoka majini meno yakigongana, akaniuliza kama sasa maji yale yatatosha. Nikamwambia yatatosha.

Hayakutosha. Alipoomba kurudi kuongoza kwaya, mzee yule yule alimwambia kwamba hata ndoa yake ilifungishwa na mchungaji yule, kwa hiyo jambo lake bado linaombewa. Shemeji yangu alikuwa amesimama hapo hapo. Alichukua funguo za gari akatoka, na kanisani hakukanyaga tena.

Dada alingoja mpaka Pasaka ikapita. Hakuna aliyemwita. Akaomba kazini apewe zamu za Jumapili, akapewa upesi, maana hakuna aliyezitaka.

Insha yangu ya mwisho chuoni ilihusu mgogoro ule wa Afrika, na ilisifiwa sana. Dada aliikuta mezani, akasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama.

"Wewe angalau imekufaa," akasema, akaenda kuvaa sare yake.