Kodiani ya Anko na Mashine za Keko

Anko wangu, mdogo wake mama, hajawahi kuniomba kitu mara moja. Anaombaga mara tatu, na ya tatu anakuja ameshakasirika kana kwamba zile mbili nilizikataa. Ndivyo alivyoanza na hii ishu ya kurekodi maboksi.

Anko anapiga kinanda kwenye kundi moja la taarabu huku Temeke. Kinanda chenyewe ni ubao wa kubonyeza tu. Sauti zinatoka kwenye boksi la chuma, umbo la deki ya zamani, lililoungwa na kinanda kwa waya wa midi: ukibonyeza huku, boksi linalia kule, kodiani, fidla, filimbi, utakacho. Anayo mawili. La kwanza alilinunua kwa baharia Kurasini mie sijazaliwa, na humo ndani ametengeneza kodiani yake mwenyewe kwa kupekua vitufe miaka nenda rudi. La pili ni la akiba. Kioo chake kimekufa, kwa hiyo kulitumia ni kama kutafuta kiatu umeme umekatika.

Sasa akaja kiongozi mpya wa kundi, braza wa Kimara mwenye laptop. Akasema maboksi ni mazito, yanakorofisha, na sauti zote hizo yeye anazo kwenye laptop yake, ataipiga mwenyewe, anko apumzike. "Apumzike" ni neno tamu sana ukimwambia mtu ambaye maisha yake yote hana kazi nyingine. Anko akabisha kwamba hazifanani hata kwa dawa. Wakakubaliana: wimbo mmoja urekodiwe kwa sauti tatu, maboksi mawili na laptop, halafu Jumamosi ya mazoezi kundi lisikilize bila kuambiwa ipi ni ipi. Isiposikika tofauti, anko anaachia kiti.

Mrekodi nikawa mie. Sababu? Niliwahi kutengeneza video ya mahafali ya kidato cha nne. Kwenye ukoo wetu hiyo inatosha kukufanya injinia.

Siku ya kwanza tu nilimwambia anko kwamba tunachomeka waya nyuma ya boksi, unaingia kwenye kompyuta, robo saa tumemaliza narudi kwenye mambo yangu. Akagoma. Sauti ni lazima itoke kwenye spika, ipite hewani, ndipo irekodiwe. Nikauliza kwa nini.

"Kwani wewe ushawahi kuona bi harusi anacheza mbele ya waya?"

Basi. Simu yangu nikaiweka kwenye stuli mbele ya spika. Wimbo wenyewe anko alishaupiga mara moja na kompyuta ikahifadhi maelekezo yake, bonyeza hiki, achia kile, ili kila boksi lipewe maelekezo yaleyale na asiwepo wa kulalamika. Kazi iliyobaki ilikuwa kupata dakika sita za ukimya. Dakika sita, Keko, ambako mbele ya mlango wetu yuko seremala wa vitanda na mashine yake ya randa, kushoto yuko wa sofa, kulia yuko anayechonga miguu ya meza na redio juu.

Jaribio la kwanza randa iliingia kwenye kiitikio kama vile imealikwa. La pili, mwuza dawa ya kunguni na spika yake. La tatu tulikuwa tunaenda vizuri mpaka adhana, tukazima, hapo sina lawama. La nne aliliharibu anko mwenyewe. Alipita mtoto wa jirani dirishani akatupa shikamoo, na anko, bila kugeuka, katikati ya solo ya kodiani, akajibu "marahaba, hawajambo nyumbani?" Nilimwangalia. Akasema, kwani ningeacha salamu ya mtoto ining'inie?

Nikaenda kumwomba seremala wa vitanda asimamishe mashine kidogo. Nikampa shikamoo ya heshima kabisa, ya kuombea kazi. Aliitikia, akapangusa vumbi la mbao kwenye kope, akaniuliza kwa upole:

"Mdogo wangu, hiki kitanda kinachukuliwa kesho. Huo muziki wenu unachukuliwa lini?"

Wenzake wakacheka wiki nzima. Nikitoka shule na begi mgongoni nasikia mmoja anamwambia mwenzie zima mashine, produsa anapita. Na mie kwa kawaida ndiye mwenye kutania watu mtaa ule, kwa hiyo mnaweza kufikiria hali yangu. Kufikia Jumatano nilikuwa na majaribio kumi na nne, yote yana mbao ndani. Anko kila jioni anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema kesho wataamka wamechoka. Hawakuchoka.

Alhamisi alfajiri mama mzazi wa yule seremala akafariki. Turubai likasimikwa mbele ya karakana, mikeka ikatandikwa, mashine zote zikazimwa, za upande huu na za upande ule. Redio ya miguu ya meza nayo kimya. Niliporudi shule nilisimama barabarani sielewi kilichopungua ni nini. Sijawahi kuisikia Keko ikinyamaza vile. Na ndiyo siku pekee ambayo ukiwasha spika ya taarabu ukoo mzima unafutwa mtaani. Msiba uko hatua kumi kutoka mlangoni petu, na Jumamosi ni keshokutwa. Nilikaa kitandani nikataka kucheka, nikaona haifai, nikabaki nimevimba tu.

Anko alikwenda kuzika. Aliporudi alikuwa bado na kanzu na vumbi la makaburini miguuni. Alisimama mlangoni muda, akaitazama spika, akalitazama turubai. Kisha akaniuliza ule waya wangu uko wapi.

Nikauleta, sikumkumbusha yule bi harusi wake wa mbele ya waya. Hata mie nina mahali pa kukomea.

Tulifunga mlango, tukagawana spika za masikioni, sikio moja lake, moja langu, tukarekodi boksi la kwanza kwa mkupuo mmoja. Halafu la akiba. Halafu programu ya braza, aliyokuwa ameniletea kwenye flashi. Yote ndani ya nusu saa, baada ya siku tisa za ujinga. Ulipoisha wimbo wa mwisho anko alivua sikio lake, akanisogelea.

"Hiyo yangu iongeze sauti kidogo. Kidogo tu."

Anajua, na mie najua: kinachosikika juu zaidi watu hukiona kizuri zaidi. Nikamwambia nikifanya hivyo halafu braza akagundua, hata ukweli wako utaitwa wizi. Nilizisawazisha zote tatu mbele yake. Alinuna mpaka chakula cha jioni, akala wali wake akiwa amenipa mgongo.

Jumamosi, kwenye ukumbi wa mazoezi, nilizipiga faili tatu. Nilikuwa nimezipa majina ya kuku: wa kisasa, chotara, wa kienyeji. Ipi ni kuku gani nilijua mie peke yangu, na nilizipiga kwa mpangilio huohuo bila kutaja jina. Mpiga ngoma akasema zote moja. Mpiga gitaa la besi akachagua ya kwanza, yaani laptop. Anko alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kinanda, mikono katikati ya magoti, anaangalia sakafu. Braza akaanza kutabasamu.

Mwimbaji wetu mkuu, mama mmoja ambaye ameimba na anko tangu sijui lini, akasema yeye hachagui kwa kusikiliza, anachagua kwa kuimba. Nikarudia zote tatu. Ya kwanza aliimba ubeti mmoja akakata. Ya pili hakufika mbali. Ya tatu akaimba mpaka mwisho amefumba macho.

"Hizo mbili zinanikimbia," akasema. "Hii inanisubiri nivute pumzi."

Ya tatu ndiyo ilikuwa boksi la baharia, na ndipo nilipojua anko alikuwa anatengeneza nini kwenye vile vitufe. Kodiani yake inachelewa kuingia, kiasi cha unywele tu, kwa ajili ya pumzi ya yule mama.

Braza si mjinga, na hapo ndipo aliponimaliza. Akasema vizuri, kumbe ya boksi ndiyo yenyewe. Basi si imesharekodiwa, tena safi? Nimpe hiyo faili, harusini ataipiga kutoka kwenye laptop, boksi na mwenye boksi wabaki nyumbani.

Siku tisa nimehangaika kumwokoa anko, kumbe namchimbia.

"Baba," yule mama akamwita braza, "faili lako lina dakika sita. Watu wakisimama kunitunza, foleni inafika mlangoni, narudia ubeti mara nane. Faili likiisha bibi arusi yuko katikati na noti mkononi, utamwambia nini?"

Kundi zima likacheka, mpiga ngoma kuliko wote. Braza akafunga laptop, akasema haya, harusi ijayo anko aje na boksi lake.

Nilitegemea asante. Anko njia nzima alinitangulia hatua mbili. Tulipofika nyumbani akavuta kiti pembeni ya kompyuta, akaniambia nifute ile ya tatu. Nikamkumbusha jasho langu. Akaangalia kioo cha kompyuta, ananisubiri. Nikafuta. Nikafuta na ya kwenye simu, na ya kwenye flashi.

Akaendelea kuangalia kioo.

"Na kwenye kapu la taka?" akauliza.