Siku Niliyoshuka Uani na Kibao Shingoni

Kuna aibu ambazo mtu unazisimulia kwenye harusi za watu na wote mnacheka, na kuna hii yangu, ambayo nimeikalia miaka yote na hata mume wangu anaijua nusu tu. Leo mmenibana, basi naitoa yote, ila naomba msicheke kabla sijamaliza, kwa sababu mimi nilicheka mapema na kule kucheka ndiko kulikoniponza.

Nilikuwa Guangzhou, miaka ile Hong Kong imetoka kurudishwa China. Nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya viwanda vya nguo (ndiyo, kusokota na kufuma, nilipelekwa huko nikitegemea kurudi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyumbani, na kiwanda chenyewe kikafungwa nikiwa hata sijafika katikati ya masomo), na Kichina nilikuwa nacho cha kugombana na wauzaji sokoni nikashinda, lakini Kiingereza cha sekondari kilikuwa kimeota kutu, maana miaka yote darasani ni Kichina na chumbani ni Kiswahili. Basi ikatokea nafasi ya masomo ya juu Singapore, wanalipa kila kitu, ila mtihani wa kuingia ni wa mchujo, mnashindana na watu wa kila taifa, na sehemu kubwa yake ni matumizi sahihi ya maneno ya Kiingereza: unapewa sentensi yenye pengo, unapewa maneno yanayokaribiana, uchague lipi linakaa pale. Viza yangu ilikuwa inaelekea kuisha. Nikifeli narudi Kahama na shahada ya kiwanda kilichofungwa, na mama yangu alishawaambia kanisani kwamba mwanawe ni injinia.

Nilikuwa naishi na Dada Rukia, Mzanzibari, mkubwa kwangu, ambaye alikuwa ananunua nguo za watoto kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian Road na kuzipeleka Unguja. Kabla hajaingia kwenye biashara alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa skuli ya msingi, mwalimu wa wale wa zamani, wanaotembea na kalamu nyekundu hata sokoni. Mimi namkalimania kwa mabosi wa maduka, yeye ananipiga msasa Kiingereza. Tulikuwa tumepanga ghorofa ya juu kwa kikongwe mmoja tuliyemwita Apo, yaani bibi kwa lugha ya pale. Siku hizo mgeni kupata chumba mtaani ilikuwa kazi, kila ukibisha hodi unaambiwa meiyou, hakuna, lakini Apo alikwenda mwenyewe polisi kutuandikisha. Sababu yake ilikuwa moja: marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na alitaka kuisikia tena lugha ile ndani ya nyumba. Nilipokuwa nasoma kwa sauti aliacha mlango wake wazi. Haelewi hata neno moja, alisema, anasikiliza tu. Kwamba mume alikufa tulijua, alikufaje hatukuuliza, kwetu hayo huulizi, unasema pole unanyamaza.

Sasa tatizo langu kubwa lilikuwa borrow na lend. Kiswahili chetu kimetudekeza, anayetoa kaazima na anayepokea kaazima, maisha yanaendelea, lakini Mwingereza yeye kawatenganisha na kila nikikutana nao nawachanganya. Dada Rukia akachoka.

"Kabula, wewe maneno unayajua," akaniambia, "ila unafikiri kwa Kiswahili halafu unatafsiri. Dawa yako naijua mie. Tutavaa kibao."

Waliosoma kwetu hawahitaji maelezo. Kibao cha shingoni. Ukikamatwa shuleni unazungumza Kiswahili unavishwa ubao na kamba, unatembea nao siku nzima wenzako wanakuzomea, mpaka umkamate mwingine. Mimi nilikivaa sana utotoni, nilikuwa na mdomo. Kwa hiyo aliposema hivyo nilicheka, nikakubali, hata nikafurahi, nilijiona nimerudi kidato cha kwanza. Akachukua boksi la nguo, akakata upande mmoja, akatoboa, akapitisha kamba ya kufungia mizigo. Upande ule ulikuwa na jina langu la Kichina, Gao Lan, limeandikwa na mwenye duka kwa wino mweusi, maandishi makubwa, kwa sababu mizigo yote ya Dada Rukia nilikuwa naipokea mimi. Hatukuona ubaya. Sheria ikawa hivi: neno lolote la Kiswahili au la Kichina, unavaa kibao, neno la Kiingereza ukilitumia vibaya, anachora X nyekundu juu ya jina lako. Mwalimu yeyote wa kwetu anafanya hivyo, ukipata unawekewa vema, ukikosa ni X, hakuna anayefikiria zaidi ya hapo.

Ilikuwa Ijumaa, mtihani ni kesho yake asubuhi. Tulianza mapema na mimi siku hiyo nilikuwa hovyo kabisa, neno la kwanza tu likanitoka kwa Kiswahili nikavishwa kibao, na kila sentensi nakosa. X juu ya X. Mwishoni nikachanganya tena borrow na lend, Dada Rukia akakasirika kweli, akachora moja kubwa kutoka pembe hadi pembe, jina lote likawa limekatwa kwa wekundu. Akasema kwa Kiingereza chake cha darasani kwamba mwalimu sasa anataka chai. Chupa ya chai ilikuwa tupu. Maji ya moto yalikuwa yanachotwa chini, uani, kwenye birika kubwa la nyumba nzima.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Ningeweza kukivua kile kibao nikakiacha kitandani, lakini sheria ilisema ukikivua kabla ya jioni unaanza upya, nami nikajiambia ni ngazi na ua tu, nani atanitazama. Nikabeba chupa, nikashuka.

Apo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mboga pamoja na akina mama wa jirani, na mzee mmoja wa ghorofa ya chini alikuwa pembeni anasoma gazeti. Nikawasalimia kwa Kiingereza, kwa sababu ya sheria, tena kwa madaha, good morning everybody, na huku nacheka. Akina mama wakaacha kuchambua. Apo akainua macho, akakitazama kifua changu. Akaweka bakuli chini. Akasimama (na kusimama kwake siku zote kulikuwa na shida, tulikuwa tunamshika mkono), akaja taratibu mpaka nilipo, asisimame mbele yangu, akasimama ubavuni kwangu. Kisha akainama kutoka kiunoni, kichwa chini kabisa, mikono ameirudisha nyuma.

Nikadhani anatania. Naapa nilidhani ameelewa mchezo wetu na anaucheza, kwa sababu Apo alikuwa mtu wa utani, alikuwa anaigiza hata mwendo wangu. Kwa hiyo nikaweka chupa chini, nikainama na mimi vilevile, mikono nyuma, tukawa wawili tumeinama katikati ya ua, na nikacheka kwa sauti. Huko juu Dada Rukia akachungulia dirishani, akatuona, akapiga makofi, akapaza sauti kwa Kiswahili, amesahau sheria yake mwenyewe:

"Haa, na Apo naye kafeli leo."

Nikiwa nimeinama vile nikaanza kugundua kwamba tunaocheka ni mimi na Dada Rukia tu. Nikasikia Apo ananong'ona. Alikuwa anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Ndiyo, ana makosa. Ndiyo, nakiri. Ndiyo, mimi ni mkewe. Halafu nikaona maji yanashuka kwenye mguu wa suruali yake, yanaingia kwenye kiatu cha kitambaa, yanatambaa kwenye saruji hadi kwenye kandambili zangu.

Yule mzee alitupa gazeti, akaja akakinyofoa kile kibao kwa nguvu hadi kamba ikanichuna shingo. Akaniuliza nani amenituma. Akaniuliza tena. Nami, mwenye lugha tatu kichwani, niliyekuwa nashindana na mabosi wa Zhanqian Road mpaka wananipunguzia bei kwa kuchoka, nilifungua mdomo likatoka lile nililokuwa nimelizoesha tangu asubuhi: "It is only a game." Kulikuwa na kijana pale aliyesoma kidogo, akawatafsiria. Anasema ni mchezo. Neno likapita mdomo hadi mdomo, ni mchezo, anasema ni mchezo, na majirani wakaanza kutoka milangoni. Nilipokuja kukipata Kichina changu, kikatoka chote kwa pamoja, hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Wakampeleka Apo ndani, mimi wakanipeleka ofisi ya mtaa, kutoka pale polisi. Askari alikuwa kijana wa rika langu. Aliweka kibao mezani, akaniomba nieleze. Nikaeleza: kwetu shuleni, ukizungumza lugha yako, unavishwa hiki. Akakigeuza kibao pale mezani, akauliza:

"Mnaadhibiwa kwa kuzungumza lugha yenu?"

"Ndiyo."

"Na wewe umejivalisha mwenyewe, ukiwa mtu mzima?"

Nikasema ndiyo. Hakuandika kitu. Akachukua pasipoti yangu, akaniruhusu niende, ila pasipoti akasema itabaki pale mpaka mwenye kulalamika aseme limekwisha. Na bila pasipoti hakuna mtihani, karatasi ya mwaliko ilisema hivyo wazi.

Ming, mwanawe Apo, dereva wa malori ya bandarini Huangpu, alikuja jioni ile ile. Hakufoka. Alisimama kwenye ngazi akatueleza kwa sauti ya chini, mimi na Dada Rukia tumesimama mbele yake. Miaka ile ya vurugu za China, vijana walipoachiwa kuwaaibisha walimu hadharani kama maadui wa nchi, wanafunzi wa baba yake walimvisha mwalimu wao boksi shingoni, jina lake kwa wino mweusi na X nyekundu juu yake, wakamsimamisha katika ua huu huu, na mama akasimamishwa ubavuni kwake, ameinama. Kosa lilikuwa Kiingereza. Baba hakukaa sana baada ya hapo. Alijitupa mtoni.

"Mama alipowapokea," Ming akasema, "mimi nilimkataza. Nilimwambia Kiingereza katika nyumba hii kimetosha." Kisha akatuomba tutafute chumba kwingine. Dada Rukia alijifuta macho kwa ncha ya mtandio akaenda kufunga mizigo.

Asubuhi nilikwenda polisi, sina tumaini lolote, nilikwenda kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Nikamkuta Apo. Alikuwa ameshikwa mkono na Ming, amevaa nguo safi, uso umepungua. Akamwambia askari, polepole, ili na mimi nisikie: "Huyu ni mtoto, anasoma. Hana kosa. Mpe kitabu chake aende kwenye mtihani."

Mimi ni Msukuma. Kwetu mwanamke mbele ya mtu mzima unapiga goti hata kwa salamu tu, seuze kwa kuomba radhi. Magoti yenyewe yalikwenda, sikuyaamuru. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya kituo cha polisi, nikainamisha kichwa, nikaanza kuomba samahani.

Apo akarudi nyuma akagonga ukuta. Akaziba uso kwa mikono. "Inuka," akasema. "Inuka. Inuka." Na Ming akaingia katikati yetu, akanitazama pale chini.

"Bado hujatosheka?" akaniuliza.

Nikainuka. Askari akanipa pasipoti, nikaenda kwenye mtihani na shingo yangu iliyochunika, nikakaa, nikajibu. Sikumbuki swali hata moja. Nilifaulu.

Matokeo yalipokuja tulikuwa tumeshahamia hosteli moja karibu na stesheni. Nilinunua machungwa mazuri nikaenda peke yangu, nimevaa gauni, nikabisha hodi mlango wa chini kwa adabu zangu zote. Ming akafungua. Nikamwambia nimefaulu, naenda Singapore, nimekuja kumshukuru mama. Akapokea machungwa, akapanda juu, nikamsubiri pale uani, majirani wanapita hawanitazami. Akashuka.

"Mama anakupongeza," akasema. "Amefurahi, nakwambia kweli. Anaomba usipande."

Nikamshukuru kwa Kichina sanifu, bila kosa hata moja, nikaondoka.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaugua, tena kwa mchezo wa shule ambao hata sisi wenyewe haukutufaa kitu. Siku hizi nikifika kwa watu sichezi kabla sijajua ua wao umeona nini. Na niliapa sitavaa kitu shingoni tena. Siku ya harusi yangu mawifi walileta mkufu wa dhahabu, wakataka kunivisha mbele ya ukumbi mzima kwa vigelegele, nikawashika mikono, nikauomba, nikakaa nao kiganjani mpaka sherehe ikaisha. Wakasema bibi harusi anaringa. Niliwaacha waseme, na wanasema hadi leo.