Mitamba Weupe wa Nyanya

Mwezi uliopita nilikwenda Kariobangi kuchukua geti nililokuwa nimetengenezewa na mafundi wa jua kali. Rangi ilikuwa haijakauka, kwa hiyo nikazunguka nyuma ya karakana kuangalia mahali lilipokuwa zizi la nyanya, mama yake baba. Nilikuta ghorofa za kupangisha, nguo zimeanikwa kila dirisha. Hasira yangu ya zamani ikanipanda. Nyumbani kwangu wameshachoka kuisikia, rafiki yangu, basi leo isikilize wewe.

Nyanya alihamia Nairobi kutoka magharibi akiwa mjane, na baadaye akaletewa kwa lori ng'ombe wake wawili wa kienyeji, wale wadogo wenye nundu. Mmoja alikuwa wa kahawia, mwingine mweupe kama chaki. Sisi watoto kazi yetu jioni ilikuwa kwenda sokoni kuokota majani ya kabichi, maganda ya ndizi na ya mahindi mabichi. Nyundo za mafundi zililia mpaka giza liingie, na ng'ombe wakacheua tu kana kwamba wanasikia mvua. Maziwa yalikuwa machache lakini mazito. Nyanya aliyamimina kwenye saga na mitoo, majani machungu ya kwetu, akailaza mboga hiyo usiku kucha, na kesho yake tukaila na ugali wa wimbi, huku tukigombania kukwangua sufuria.

Yule mweupe ndiye aliyekuwa roho yake. Alizaa dume jeupe, na nyanya akampa jirani yetu, mchongaji wa vinyago kutoka Ukambani, aliyekuwa na nafasi ya kumfuga karibu na mto. Lilipokua, hakutaka dume lingine lipande ng'ombe wake. Hata yule mweupe alipandwa na mwanawe, na sisi hatukuona ajabu. Nyanya alitaka weupe, na akaupata: mitamba watatu, safi, wa kupendeza, mpaka watu waliotoka kanisani Jumapili wakawa wanasimama kuwatazama.

Basi wakakua, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mtamba akipata joto hulia, huwapanda wenzake, huacha hata kula. Hawa walikula na kunenepa, kimya. Nyanya alingoja msimu baada ya msimu. Akawapa chumvi, akawapa mizizi aliyotumiwa kutoka nyumbani. Wapi.

Aliyekamua alikuwa mama mdogo, mke wa baba mdogo. Alikuwa mwanamke mpole, akiwaimbia ng'ombe kwa sauti ya chini, akitubakishia povu la maziwa kwenye kikombe cha bati. Alikuwa ameolewa miaka kadhaa na hajapata mtoto. Siku moja mama mmoja aliyekuja kununua maziwa akasema, bila hata kunong'ona, kwamba mkono usiozaa umewaingia mitamba. Nilitarajia nyanya amfukuze. Badala yake alimgeukia mkaza mwanawe akamwambia, "Weka ndoo chini. Kuanzia leo usiingie kwa ng'ombe."

Mama mdogo akaiweka. Akaenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu, na hata alikuwa hajaanza kukamua. Baba mdogo alikuwepo, akainama kufunga kamba za viatu. Kabla ya Krismasi mama mdogo aliondoka na begi moja, na hakuna aliyemsindikiza.

Ng'ombe, bila shaka, hawakubadilika. Ndipo nyanya akakubali kumwita daktari wa mifugo. Daktari alivaa glavu ndefu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, mtamba mmoja baada ya mwingine, huku nyanya ameshika kamba. Alisema ovari zao hazikukua, zimebaki ndogo kama punje za maharagwe. Akaenda kwa jirani kulipima lile dume, akarudi na habari kwamba korodani yake moja ni ndogo kuliko nyingine. Akatueleza taratibu kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi. Ng'ombe anaweza kuubeba bila kuonyesha chochote, lakini akipandana na ndugu yake anayeubeba pia, ndama anaupata pande zote mbili. Na katika ukoo huu, alisema, unaelekea kutembea pamoja na ule weupe. Ushauri wake ulikuwa dume lichinjwe, na yule wa kahawia apandwe na dume lisilo la ukoo huo.

Mimi nilifurahi. Nikamuuliza nyanya kama sasa mama mdogo atarudi. Akasema, "Hayo ni ya ng'ombe. Ya watu ni mengine."

Na ushauri wenyewe haukufuatwa. Jirani hakulichinja dume, alimuuzia mtu wa Dandora aliyependa sura yake, likaenda kuharibu mazizi ya wengine. Nyanya kwa hasira akauza ng'ombe wote, hata yule wa kahawia aliyekuwa amevumilia kiangazi na magonjwa bila sindano. Akanunua mmoja wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi. Ng'ombe huyo naye akafa kabla ya kuzaa.

Geti lilipokauka nililipeleka nyumbani, kisha nikaenda Tassia, kwa sababu binamu yangu alikuwa ameniambia mama mdogo anauza shuka huko. Nilimkuta. Nywele zimekuwa nyeupe. Nikamsimulia yote.

"Daktari alisema hivyo lini?" akauliza.

"Miezi michache tu baada ya wewe kuondoka, mama."

"Na nyanya yako alimsikia?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa ameshika kamba. Akakunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilikuwa Nairobi hii hii," akasema. "Kutoka Kariobangi mpaka hapa ni safari ya asubuhi moja."

Nyanya ameshafariki. Baba mdogo hataki kuulizwa. Ng'ombe wale wenye nundu, wazima kwa wagonjwa, siwaoni tena upande ule wa mto, na mboga zangu za saga nazipika na maziwa ya pakiti. Nikaona hakuna aliyebaki wa kumwomba mama mdogo msamaha isipokuwa mimi, nikamwomba.

Akanitazama kwa upole ule ule. "Hilo si lako kuomba," akasema, akaniuliza kama nimekula.