Chuma Kinene Chini ya Kiti cha Mama

Kabla mama hajavunjika paja, nilikuwa naogopa vitu visivyo na umbo: usaili wa kazi, simu zisizopokelewa, umri. Alipoteleza migombani akikata majani ya kufunikia chakula, madaktari wakamwekea chuma ndani ya paja, na hofu yangu yote ikahamia kwenye gari letu dogo, hasa nyuma yake.

"Asitikiswe," daktari alituambia. Lakini kutoka kwetu Isingiro hadi hospitali kule Karagwe sehemu kubwa ni barabara ya udongo, na kila mwezi ilibidi arudi kupimwa. Dereva nilikuwa mimi, niliyemaliza chuo na kukaa nyumbani mwaka wa pili bila kazi.

Safari ya pili, kwenye kona iliyo juu ya bonde, gari liliinama upande mmoja, likagonga kwa chini, likainama upande wa pili. Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa. Akausukuma mlango kwa viganja viwili akalia, "Mawe!", yaani mama yangu, kwa lugha ya kwetu. Hakuna kilichotokea. Gari lilinyooka, tukaendelea. Ila nilimwona kwenye kioo amefumba macho, na hakuyafumbua mpaka tulipofika.

Wiki ile nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nilijifunza kwamba nyuma ya gari, chini, kuna fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Mafundi wanaiita stebilaiza. Gari likiinama, fimbo hiyo hulirudisha. Inashikwa na mipira midogo, bushi, na bushi zetu zilikuwa zimekauka kama maganda ya maharage. Nikasoma pia kwamba ukiweka fimbo nene zaidi, gari halilali kabisa kwenye kona. Halilali kabisa. Niliyarudia maneno hayo kama sala.

Fundi wetu nilisoma naye shule ya msingi. Gereji yake iko ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yetu: mabati manne, na shimo la kuingia chini ya gari. Nilipomwambia ninachotaka, alijifuta grisi akacheka.

"Msomi, bushi ndizo zimekufa. Zote za nyuma. Chuma chako ni kizima."

"Chembamba."

"Wewe chuoni ulisomea nini vile?"

"Maendeleo ya jamii."

"Basi jamii ya huku chini niachie mimi, dada."

Sikumwachia. Nilitafuta fimbo nene ya mtumba iliyotoka kwenye gari kubwa la jamii ileile, nikamletea pamoja na bushi mpya. Alifunga kimyakimya. Kabla ya kukaza nati za mwisho akasema, kama anavyomwambia kila mteja, "Kalete mikungu." Yeye hakazi bushi gari likiwa tupu. Anasema hakuna gari la huku linaloshuka mjini bila ndizi, na mpira ukikazwa gari likiwa jepesi, siku likipakiwa unajinyonga na kupasuka.

"Gari hili ni la kumbeba mama," nikamjibu, "si ndizi."

Alinitazama kidogo, akaingia shimoni, akakaza.

Jioni ile nililijaribu kwenye barabara kavu. Halikulala. Lilikata kona kama kisu kwenye sabuni. Kwa mara ya kwanza tangu mama aanguke nilihisi kuna kitu nimekiweza, nikarudi nikamwambia mama kwamba mwezi huu atasinzia mpaka hospitali.

Siku moja kabla ya kliniki, mama aliniita. "Shikamoo mama." "Marahaba. Peleka hii kwa mama yako mdogo." Ilikuwa mikungu mitano. Mama mdogo anaishi karibu na hospitali, na kesho yake tungelala kwake. Mama hawezi kulala kwa mtu bila ndizi kumtangulia, hata kama mtu huyo ni mdogo wake wa tumbo moja. Nikapakia. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Kwenye kona ile nilipunguza mwendo, naapa nilipunguza. Halafu nyuma ya gari ikaondoka. Sijui niseme vipi. Sikuhisi kuinama wala kugonga. Nilishika usukani, na nyuma ikaamua kwenda bondeni peke yake. Niliuona mteremko ukipita kwenye kioo cha mbele, mahali ambapo barabara ilipaswa kuwa. Mikungu ilihama kwa kishindo, mlango wa nyuma ukafunguka, na gari likasimama gurudumu moja likining'inia mtaroni, juu ya shamba la maharage.

Sikushuka. Niligeuka nikatazama kiti cha nyuma kitupu. Nilikitazama kwa muda mrefu. Kesho saa kama hii angekuwa pale, mguu umenyooshwa.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alipanda mtaroni na jembe lake. "Umeumia, mwanangu?" Nilitikisa kichwa. Aliwaita wanawe wawili, watu wazima, wakalisukuma gari mpaka barabarani. Mkungu mmoja ulikuwa umebiringika hadi katikati ya maharage yake. Nilipotaka kuufuata akaweka mguu mbele yake.

"Huu umekuja wenyewe. Mgeni hafukuzwi."

Wanawe wakacheka. Nami nilicheka.

Nilifika kwa mama mdogo kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, nikashusha minne, nikarudi vivyo hivyo. Njiani niliamua nisimwambie mama. Angekataa kupanda, na mguu usipopimwa ungeharibika. Au angepanda kwa kuniamini, na hilo lilinitisha zaidi.

Fundi alinisikiliza akiwa amekaa kwenye tairi. Nilingoja anicheke.

"Kile chuma kinayafunga magurudumu mawili yaende kama moja," alisema. "Barabara kavu, raha. Kwenye matope kila gurudumu linataka kukanyaga lake. Ukilibana, linapoteza ardhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia mimi, ungenijibu kwamba simu imesema vingine."

Alikuwa ameihifadhi fimbo yetu ya zamani, imesimama kwenye kona ya gereji, imeshapakwa rangi. Akairudisha na bushi zile mpya. Safari hii sikungoja kuambiwa. Nilikata mikungu mitano nyuma ya nyumba yetu, nikaipakia. Alikuwa ameshaingia shimoni na spana nilipomwona mama akivuka barabara kwa magongo yake.

"Mama yako mdogo amepiga simu," alisema akihema. "Ameshukuru kwa mikungu minne."

Chini ya gari, spana ikanyamaza.

"Nilituma mitano."

Nikamwambia yote. Kona, mtaro, kiti kitupu. Nikamwambia kwamba chuma kile kinene nilikitaka mimi, kwamba fundi aliniambia cha zamani ni kizima. Alinisikiliza akiwa ameegemea gongo moja. Halafu akaufungua mlango wa nyuma.

"Mama, unafanya nini?"

"Mnapima gari la kunibeba mimi, na mimi niko nyumbani?"

"Kuna shimo chini! Kuna mtu chini!"

"Shikamoo mama," fundi akasema kutoka shimoni.

"Marahaba, baba. Kaza vizuri, nimenona siku hizi."

Alipanda. Gari likashuka kidogo juu ya springi zake, nami moyo ukashuka nalo. Nilisimama nimeshika mlango kwa mikono miwili, kana kwamba mikono yangu ingezuia gari kutumbukia. Nilihesabu nati kwa sauti ya spana. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne fundi aliguna, nikafikiri imekatika. Haikukatika. Mama alikuwa amekaa kati ya harufu ya ndizi mbichi, akitazama mbele kama abiria aliyelipa nauli.

Asubuhi barabara ilikuwa bado na unyevu. Tulipoikaribia kona nilishuka hadi gia ya kwanza. Viganja vilitoa jasho nikavifuta kwenye gauni, kimoja baada ya kingine. Gari liliinama. Safari hii niliona vizuri: liliinama kidogo upande wa bonde, likakaa hapo, magurudumu yote manne yakitafuna udongo, kisha likainuka polepole. Halikugonga.

Kwenye maharage, yule mama alinyoosha jembe kutusalimia.

"Ndipo hapa?" mama aliuliza.

"Ndipo."

Nilimtafuta kwenye kioo. Macho yalikuwa wazi. Alitoa buni za kutafuna kwenye kitambaa alichofunga kiunoni, akaninyooshea mbili kupitia begani. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na buni moja ilidondoka chini ya kiti.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Endesha."