Siku Niliyokata Utepe wa Lomoro

Nimewahi kuwa wa kwanza katika mbio za maili kumi kutoka Oraba mpaka Koboko, mbele ya umati, ngoma na afisa wa jeshi mwenye koti refu, na nikakabidhiwa beberu la ushindi, ingawa sikujiandikisha katika mbio hizo, sikuanza na wenzangu, na kati ya maili kumi nilikimbia labda moja, tena nyingi yake katikati ya majivu. Cheka tu. Kila mtu Koboko alicheka, isipokuwa watu wawili, na mmoja wa hao wawili ndiye aliyestahili beberu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwandishi wa michezo wa gazeti la Arua lililokuwa na karatasi nne, zilizopigwa stensili na kutolewa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono (mzungushaji nilikuwa mimi). Katikati ya miaka ile ya sabini, michezo kwetu ilikuwa na msimu wake kama mazao: mvua za mwisho zikishaondoka na ufuta ukishavunwa, asubuhi zinaanza kuwa na baridi ya kukunja vidole, upepo unashuka kutoka upande wa Sudan na vumbi lake, watu wanachoma nyasi ili wawinde panya wa porini, na hapo ndipo viwanja vinakauka na kila mtu anakumbuka kwamba ana miguu.

Mwaka ule ilikuja barua kutoka Kampala. Kila wilaya ingeweza kupeleka mkimbiaji mmoja kwenye kambi ya mazoezi ya taifa, mradi awe amekimbia maili kumi chini ya dakika hamsini na mbili, muda upimwe kwa saa halisi ya mbio, na mtunza saa aweke sahihi. Bila muda ulioandikwa, hakuna safari. Mwalimu Candia, msimamizi wetu wa michezo, alikuwa na saa moja tu ya aina hiyo, ya kuazima, akaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na kila baada ya hatua kumi aliishika kama mtu anayehakikisha moyo wake bado upo. Ilikuwa na kitufe kimoja: bonyeza, inaanza, bonyeza, inasimama, bonyeza tena, mshale unarudi kwenye sifuri. Kumbukeni hilo.

Jumamosi alfajiri tulikuwa Oraba, mpakani, wakimbiaji kumi na sita wakiwa wamejifunga mablanketi na wanarukaruka kupasha miguu joto. Wengi walikuwa askari wa kambini wenye raba nyeupe, na kila mtu alijua kwamba koplo mmoja wao mrefu ndiye atakayeshinda (nilikuwa nimeshaandika jina lake juu ya ripoti, ili nisichelewe baadaye, tabia ambayo siipendekezi). Kisha akaja mtu mmoja kwa miguu kutoka Kuluba, si mrefu, si mnene, miguu mitupu, vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku aliyokuwa akiitundika ikauke.

"Mkulima, umeleta muhogo?" koplo alimwuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

"Hapana, afande. Nimekuja kukimbia."

"Na viatu iko wapi?"

"Viatu ni vya kanisa."

Huyo ndiye Lomoro. Nilimwuliza, kwa kazi yangu, kwa nini anataka kwenda Kampala, na akafikiri kwanza, akasema kwamba tangu utoto anakimbia peke yake kwenda shamba na kurudi, na kaka zake wanamwita mwendawazimu, na yeye anataka mahali penye watu wanaojua waseme kama ni mwendawazimu au ni mkimbiaji. Nikaandika hivyo hivyo.

Sasa uamuzi wangu mdogo. Mkimbiaji mmoja aliyejiandikisha hakuja, kitambaa chenye namba yake kikabaki, na Mwalimu Candia akanitupia. "Ezati, bandika hiki kifuani. Askari wameambiwa asiye na namba asiguse barabara, na sitaki kukutafuta korokoroni." Ningeweza kukataa na kwenda kukaa Koboko penye utepe wa mwisho, kama siku zote. Lakini siku zote nilikuwa nikiandika mwisho tu wa mbio, na safari hii nilitaka kuona katikati yake. Nikabandika.

Filimbi ikalia. Nilitazama saa ya ukutani ya ofisi ya forodha, kwa mbali, kupitia dirishani, na kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi nikaandika kwa haraka: "Wameanza saa moja na nusu hivi." Mwalimu alibonyeza kitufe chake, tukapanda Land Rover na kutangulia.

Maili mbili kabla ya Koboko nilishuka penye mwinuko, gari likaendelea na saa yake. Toka pale unaona barabara nyekundu ikiteremka bondeni na kupanda tena. Moshi wa nyasi ulikuwa umelala juu ya bonde, jua linautoboa, hakuna sauti isipokuwa ndege wanaofuata moto kutafuta panzi. Nikangoja kuona raba nyeupe.

Akatoka Lomoro ndani ya moshi, peke yake.

Nimetazama watu wengi wakikimbia tangu siku ile, na wengine walikuwa na majina makubwa, lakini sijaona tena kitu kama kile. Alikuwa anapanda mlima na mwendo wake haukubadilika hata kidogo, kama vile mlima ulikuwa umeteremshwa kwa ajili yake. Miguu iligusa vumbi bila kulirusha. Kifua kilikuwa kimya. Mdomo ulikuwa umefungwa, anavuta hewa kwa pua tu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza habari njema inayosomwa polepole na hataki kuikatiza. Alipita karibu nami kiasi cha kunigusa, na nikasikia visigino vyake, pa, pa, pa, vyepesi, sawasawa, kisha nikaona mgongo wake, kisha nikagundua kwamba nimesimama na penseli hewani, sijaandika neno, na machozi yananitoka (nikasema ni moshi). Koplo hata hakuwa ameonekana bondeni.

Basi nikashikwa na wazimu: lazima nione anavyomaliza. Barabara pale inazunguka bwawa kwa mbali, lakini kuna njia ya miguu inayokata shamba moja kwa moja mpaka mwanzo wa mji. Tatizo, shamba lilikuwa limechomwa jana yake, majivu mpaka kwenye vifundo, na suruali niliyovaa ilikuwa ya kaka yangu, ya harusi. Nikaivua, na shati pia, nikabaki na bukta na fulana, nikahamishia ile namba kwenye fulana (namba niliikumbuka! ningeisahau, nisingekuwa na mkasa wa kusimulia), daftari nikalichomeka kiunoni. Kando ya njia alikuwepo mama mmoja anapepeta ufuta.

"Mama, nishikie suruali, nitarudi."

"Mwanangu, wenzako iko kwa barabara, wewe nakimbilia nani huku?"

"Nawahi mwisho!"

"Mwisho ya nini, bila suruali?"

Nilikimbia kama sijawahi, nikaanguka mara mbili kwenye majivu, na nilipotokeza barabarani mwanzoni mwa mji nilikuwa wa kijivu kuanzia nywele mpaka soksi, ninahema kama mivukuto ya mhunzi, na Lomoro bado yuko nyuma ya kona. Hapo nikaona kwamba wamefunga kamba pande zote mbili za barabara, na nyuma ya kamba kuna Koboko nzima.

Ngoma zikaanza. Vigelegele vikapanda. Nikaenda upande wa kushoto nipite chini ya kamba, askari mmoja mwenye fimbo akanizuia.

"Wewe nakwenda wapi? Rudi kwa barabara!"

"Afande, mimi si mkimbiaji, mimi ni mtu wa gazeti!"

"Gazeti iko kesho! Leo kimbia!"

Nikajaribu upande wa kulia, mikono ikanirudisha katikati. Mtu akanimwagia maji ya baridi kichwani, majivu yakawa matope. Mama mmoja mnene akapaza sauti, "Huyu iko na tumbo ya chai na mandazi, lakini angalia, ameacha askari wote!" na watu wakashangilia zaidi, kwa sababu hakuna kitu kinachopendwa kama mtu wa kawaida anayewashinda askari, ingawa mwaka ule hakuna aliyethubutu kulisema hivyo kwa maneno. Yule mwenye fimbo akaanza kukimbia kando yangu, ananitia moyo kwa kunichapa miguuni. Nilisema moyoni, nitasimama kabla ya utepe. Nikasimama. Fimbo ikashuka. Utepe ukanipata kifuani.

Mtunza saa mzuri haangalii uso wa mtu, anaangalia utepe tu, na Mwalimu Candia alikuwa mtunza saa mzuri. Utepe ulipokatika akabonyeza. Kisha akainua macho.

"Ezati?"

"Mwalimu."

Alivyoshtuka, kidole chake kikafanya kile ambacho kidole cha mtu yeyote kingefanya, kikabonyeza tena ili saa iendelee. Mshale ukarudi kwenye sifuri. Tukautazama pamoja. Wakati huo afisa wa koti refu, ambaye alikuwa na baridi na alitaka kurudi kwenye chai yake, alikuwa ameshanishika mkono wenye matope na kunipa kamba ya beberu, "Hongera, kijana, jeshi linakuhitaji," na beberu likaanza kula kitambaa cha namba yangu.

Halafu umati ukanyamaza kuanzia mbali, kama upepo unapokatika, na nikajua bila kugeuka. Lomoro aliingia kwa mwendo uleule, mdomo umefungwa, watu wanarudi nyuma wakimpisha ingawa barabara ilikuwa tupu. Hakuna aliyepiga ngoma. Nadhani walikuwa wanaona nilichokiona kule mlimani. Akavuka mahali utepe ulipokuwa, akasimama, akautazama chini, akanitazama mimi na beberu.

"Nani amenitangulia?" aliuliza.

Nikasema, "Hakuna. Ni mimi tu."

Kicheko kilichofuata nilikisikia mpaka mwaka mpya. Koplo alipofika, dakika kadhaa baadaye, alinikuta bado na beberu, akapiga saluti. Sikujali. Nilikuwa naitazama saa ya mkononi ya afisa. Mwalimu alikuwa amemwomba aisome pale pale Lomoro alipovuka: saa mbili na dakika ishirini na mbili kamili. Mwalimu akanigeukia kwa matumaini makubwa.

"Ezati, wewe unaandika kila kitu. Walianza saa ngapi?"

Nikatoa daftari. Nilikuwa nimeandika idadi ya wakimbiaji, wenye viatu na wasio na viatu, upepo unatoka wapi, mpaka rangi za mablanketi. Na nilikuwa nimeandika: saa moja na nusu hivi. Dakika hamsini na mbili hivi. Barua ilitaka chini ya hamsini na mbili, wala haikuwa na nafasi ya "hivi".

"Hivi kabla au hivi baada?" Mwalimu aliuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko fimbo ya askari.

Nilimwambia sijui.

Barua ilikuwa lazima iondoke na basi la Jumatatu, kwa hiyo Jumapili alfajiri tukarudi Oraba, sisi watatu na dereva, na Lomoro akakimbia tena bila umati, bila mpinzani, kwa miguu ya jana, upepo, uliokuwa umegeuka usiku, ukimpiga usoni njia nzima. Safari hii nilisimama Koboko nyuma ya mti, mbali na barabara, na suruali yangu nimevaa (yule mama aliitunza, ila alinihubiria kwanza). Saa ilisema dakika hamsini na tatu na sekunde nne. Mwalimu ni mtu mkweli. Aliandika hamsini na tatu na sekunde nne, akaweka sahihi.

Lomoro alikaa chini, akafuta vumbi kwenye vidole vya miguu, kimoja kimoja. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba radhi, akanikatiza.

"Jana ilikuwa nzuri kuliko leo."

"Ndiyo."

"Pale mlimani, wewe ulikuwa umesimama. Uliniona."

"Nilikuona, ndugu yangu. Sijawahi kuona kitu kama kile."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayepewa nusu ya alichoomba. "Basi niambie wewe. Ilikuwa dakika ngapi?"

Akaondoka na beberu, ambalo nilimkabidhi jana yake, kwa barabara ya Kuluba, akitembea. Jibu la Kampala lilikuja baada ya wiki tatu, mistari miwili, hapana. Mimi tangu siku ile sijabandika namba kifuani, hata kwa mzaha, na katika madaftari yangu yote hakuna tena neno "hivi". Nimenunua saa yangu mwenyewe, naiamini kuliko macho yangu, na kila mbio naandika mpaka sekunde. Mhariri alikataa kuchapa habari ya Jumamosi ile kwa kuwa haikuwa na muda. Ninayo mpaka leo, kurasa mbili na nusu, mlima, moshi, visigino na uso wake, na pale juu, mbele ya jina Lomoro, nimeacha nafasi ya dakika na sekunde.