Upande Ambao Laban Hakuugonga

Laban Wakhisi alikuwa fundi wa vyuma vya meli pale Kisumu. Mwaka 1968 alitumwa kukagua meli ndogo kuukuu, iliyokuwa ikipelekea manowari makaa na maji ziwani wakati Mwingereza alipopigana na Mjerumani. Mzee Ogola wa Asembo, aliyetia makaa katika tanuri la meli hiyo ujanani, alikuwa ameomba ihifadhiwe nchi kavu ili wajukuu waione. Wakubwa wa bandari walikubali, mradi chuma chake kiwe kizima.

Siku hiyo Laban alikuwa na haraka ya kuwahi basi la Bungoma, aende kwenye arusi ya dadake. Akagonga upande mmoja tu kwa nyundo, akaona kutu, akaandika kwamba meli imeoza yote.

Baada ya wiki tatu ikakatwa iwe vyuma chakavu, Laban akitazama. Walipofika upande wa pili, moto wa gesi ulichelewa sana kupenya, maana chuma kilikuwa kizima.

“Fundi, nani alisema hii imeoza?” mkataji aliuliza.

Laban hakukiri, na hatia ile akaishi nayo miaka minne. Mwishowe alikwenda Asembo, akamkuta Mzee Ogola akishona wavu, akamweleza yote.

“Kwa hivyo hukuzunguka upande wa pili,” mzee akasema.

“Sikuzunguka, Baba.”

“Wenzangu wawili walifia mle ndani. Nilikuwa nawaambia wajukuu, ngojeni, mtaiona.”

Hakumfukuza. Alimkaribisha ugali na samaki, wakala pamoja. Mzee hakutamka neno la msamaha, naye Laban hakuthubutu kuliomba.