Saini ya Mama Mtutu

Mama Mtutu alipata jina hilo kabla hajazaa mtoto hata mmoja, kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa bunduki. Ufundi aliurithi kwa baba yake, pamoja na jiliwa kubwa la kubania vyuma, dirisha lenye nondo, na daftari la kijani ambalo polisi walikuja kulikagua kila baada ya miezi mitatu. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, kinanuka mafuta na chuma kilichopigwa msasa. Wateja hawakuwa wengi: walinzi wa mashamba, wawindaji wenye leseni, na askari wastaafu wawili waliokuja kupiga soga zaidi kuliko kutengenezesha kitu. Mwenyewe hakuwa msemaji. Akikataa silaha, mwenye nayo aliibeba akaenda zake bila kubisha.

Katika miaka kumi na tisa, alitia saini kinyume cha moyo wake mara moja tu.

Aliyeomba saini hiyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Huyu aliajiriwa na shamba kubwa la mahindi lililopakana na bonde la matete, kazi yake kuzuia nguruwe mwitu. Siku moja alianguka kutoka kwenye trekta, bega la kulia likavunjika vipande. Hospitali wakamtia bamba la chuma na skrubu sita, naye akatoka huko na jina jipya: Chuma. Alikaa nyumbani miezi minane, na katika miezi hiyo dume moja likazoea shamba. Mwanzoni lilikuja kama wenzake, kwa kujificha. Baadaye likaanza kuonekana mchana kweupe, limesimama mwisho wa mistari ya mahindi, halikimbii. Lilimpasua mbwa wa msimamizi. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alilisikia likipumua nyuma yake, akatupa jembe na kukimbia. Waliporudi kulichukua walikuta mpini umetafunwa.

Msimamizi alimwambia Chuma arudi kazini, lakini kwa sharti: fundi aikague bunduki na kuitilia saini daftarini, na yeye mwenyewe aonekane akipiga.

Chuma akaja karakanani na bunduki yake ya zamani, ile kubwa.

"Shemeji, hii ikupige teke kwenye bamba hilo?" Mama Mtutu aliuliza.

"Nimeizoea."

"Bega ndilo limeizoea au mdomo?"

Wakacheka. Kisha wakaenda kwenye machimbo ya zamani ya mawe, mahali fundi alipokuwa na kibali cha kujaribia silaha. Mama Mtutu akamjazia bunduki mwenyewe, akampa. Risasi ya kwanza ilipita juu ya ubao. Ya pili ilichimba udongo. Kwa ya tatu, bila kusema kitu, alimwekea risasi ya bandia isiyo na baruti. Chuma akalenga, akavuta. Bunduki ililia "tik" tu. Lakini mtutu ulizama chini kwa ghafla na macho ya Chuma yalikuwa yamefumba kabisa, uso umekunjamana kama wa mtu anayesubiri kofi.

Hakuna aliyecheka. Chuma aliishusha bunduki.

"Tangu lini?" Mama Mtutu aliuliza.

"Tangu hospitali. Mwili unajikunja wenyewe, shemeji. Siuamrishi."

"Basi tafuta bunduki isiyokuumiza. Ya mtutu wa milimita sita na nusu inatosha kwa nguruwe, na teke lake ni nusu ya hili. Risasi ndogo inayofika mahali pake inaishinda kubwa inayopita pembeni."

Chuma alinuna, maana kwake bunduki ndogo ilikuwa bunduki ya swala. Ila baada ya wiki mbili shamba lilimpatia moja iliyokwisha kutumika, ya milimita sita na nusu, na akapiga nayo risasi tano bila kufumba macho. Alitabasamu kama mtu aliyerudishiwa mkono wake.

Mama Mtutu ndiye ambaye hakutabasamu. Aligundua kwamba mtutu haukuwa wa asili. Kuna mtu aliwahi kuubadilisha, na haukuwa na alama yoyote. Akaufunga kwenye jiliwa. Ndani ya mtutu kuna mifuo inayojipinda, nayo ndiyo huizungusha risasi ili iende imenyooka kama pia ya watoto inayozunguka. Risasi ndefu inataka mpindo wa haraka. Mpindo ukiwa wa polepole, risasi ndefu inayumba, inalala ubavu. Alipitisha ufito wa kusafishia wenye kitambaa kilichobana, akauwekea alama ya chaki, akausukuma taratibu hadi alama ikamaliza mzunguko mmoja. Akapima. Inchi kumi. Akarudia. Inchi kumi.

"Sikiliza vizuri," alimwambia. "Huu unapinda polepole. Usiulishe risasi ndefu nzito, zile za uzito wa greni mia na hamsini. Tumia fupi, za mia na ishirini. Hizi hapa, boksi zima."

"Nyepesi hivyo kwa dume lile?"

"Nyepesi inayokwenda moja kwa moja."

"Sawa, shemeji."

Alisema haraka mno. Mama Mtutu alimwomba alete risasi zozote nyingine alizonazo, ajaribu moja mbele yake. Chuma alimpa moja tu kutoka mfukoni, ndefu, aliyopewa na rafiki. Waliipiga kwenye karatasi. Tundu halikuwa duara. Lilikuwa refu, kama tundu la funguo.

"Upepo umeitikisa karatasi," Chuma alisema.

"Hakuna upepo."

Kweli hakukuwa na upepo. Hata majani juu ya machimbo yalikuwa yametulia tuli.

Mama Mtutu alikataa kutia saini mpaka aone risasi zote ndefu zimerudishwa kwa yule rafiki. Jioni ile mama mkwe wake akaja na kuketi kwenye kigoda cha karakana, mkoba juu ya magoti.

"Mwanangu, mtoto wangu amekaa kama mzigo miezi minane. Unamnyima kazi kwa sababu ya karatasi?"

"Mama, siyo karatasi. Ni tundu."

"Amesema atatumia zako. Neno lake halikutoshi? Huyu ni damu ya mumeo."

Mteja mwingine angemkatalia. Mama mkwe hakuweza kumkatalia. Alifungua daftari la kijani, akaandika namba ya bunduki, akaandika "risasi fupi pekee" na kupigia mstari, kisha akasaini. Wino ulikauka upesi. Mama mkwe alimshika kichwa kwa baraka.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, msimamizi alituma gari kumchukua. Dume lilikuwa limeonekana, na msimamizi alitaka fundi awe karibu kama bunduki ingesumbua. Alipofika, shamba lilikuwa kimya isivyo kawaida. Ndege hawakuwepo. Wapaliliaji walikuwa wamesimama juu ya tela. Chuma alikuwa ameshaingia ukingoni mwa matete.

Mlio wa kwanza ukasikika. Ukafuatwa na kitu ambacho Mama Mtutu hakukisahau: si kishindo cha mnyama anayeanguka, ila mkoromo mrefu wa hasira uliosogea, ukazama ndani ya matete. Kisha kimya.

"Amelipata," mtu mmoja juu ya tela alinong'ona.

"Asilifuate," Mama Mtutu alisema. Halafu akapaza sauti: "Shemeji! Usiingie!"

Matete yalitikisika upande mmoja, yakatulia. Yakatikisika tena, karibu zaidi na pale alipokuwa Chuma. Mlio wa pili. Kisha sauti ya mtu.

Msimamizi na wanaume wawili walimtoa wakimburuta. Paja la kushoto lilikuwa limechanwa toka juu ya goti hadi nyongani. Mama Mtutu alivua mtandio wake, akalifunga kwa nguvu zake zote. Alipotafuta kitu cha kumlazia kichwa, alivuta mkoba wa Chuma. Ndani mlikuwa na boksi la risasi fupi alilompa yeye. Karatasi ya kufungia haikuwa imebanduliwa.

"Niliona ni nyepesi," Chuma alisema, meno yakigongana. "Nililenga bega la dume, shemeji. Sikufumba macho. Wallahi sikufumba."

"Najua," alijibu. "Nyamaza sasa."

Gari lilimkimbiza hospitali. Kabla ya saa sita Mama Mtutu alirudi ukingoni na msimamizi, bunduki mkononi, risasi fupi ndani yake. Walifuata damu hatua arobaini. Ilikuwa kidogo, ya rangi nyeusi, ikapotea kwenye maji ya tope. Mbele yao matete yalikuwa yamefungana, marefu kuliko kichwa cha mtu, na mahali fulani ndani yake kitu kilivuta pumzi. Msimamizi alimgusa kiwiko. Wakarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, bila kugeuza migongo.

Polisi walipokuja kuhusu ajali ile, Mama Mtutu aliwasimulia yote, pamoja na tundu refu kwenye karatasi na namna alivyosaini. Kibali chake kilizuiwa miezi sita. Hakujitetea. Mama mkwe hakukanyaga karakanani muda wote huo, na mume wake, dereva wa lori, alisikia habari akiwa safarini, akampigia simu, akasema tu, "Ungekataa," naye akajibu, "Ndiyo."

Chuma alipona na kubaki na mguu wa kuburuta. Shamba lilikodi mwindaji mwingine, akakaa wiki mbili asione hata unyayo. Wapaliliaji waligoma kulima mistari ishirini iliyokuwa karibu na bonde, na magugu yakaimeza.

Lakini kabla ya hayo, Chuma akiwa bado hospitali, Mama Mtutu alimpelekea uji wodini, akamshikia kikombe kwa sababu bega lilikuwa limeanza kuuma upya. Alikunywa nusu, akageuza uso dirishani.

"Lilikufa, shemeji?"

"Sijui."

"Wewe unaonaje?"

Aliweka kikombe juu ya kabati. Nje wauguzi walikuwa wakisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia.

"Naona usilale upande wa dirisha," alisema, akavuta pazia.